Shajara ya mradi: Waamuzi watano wa Mbeya nje ya msimu, Juni hadi Septemba 2025

29 Juni 2025: Tunakoanzia

Msimu wa 2024/25 umefungwa, na kuanzia leo tunaweka kumbukumbu ya namna waamuzi watano wa mpira wa miguu hapa Mbeya wanavyojiandaa kwa msimu ujao. Wawili wetu ni waamuzi wa kati na watatu ni waamuzi wasaidizi, na mmoja kati ya hao watatu ni dada anayefundisha shule ya msingi. Wengine tunalima, mmoja anauza nafaka Mwanjelwa na mwingine anaendesha bodaboda. Mkufunzi mstaafu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, amekubali kutusimamia bila malipo.

Mwamuzi hana klabu. Mchezaji anapokwenda mapumziko ana kocha wa viungo, ana daktari wa timu na ana tarehe ya kuripoti kambini. Mwamuzi anarudi shambani au dukani, na mara nyingi anaanza tena kukimbia siku anaposikia kwamba mtihani wa utimamu wa mwili umetangazwa. Wiki chache hizo za kukimbizana na mtihani ndizo zinazochana misuli ya wengi. Tunataka kujua kama watu wasio na jimu wala uwanja wa riadha wanaweza kuufikia mtihani wakiwa tayari, na kwa gharama gani, na tunaandika ili wenzetu wa Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa wachukue kinachofaa na wakiepuke kilichotushinda.

Vipimo tulivyochagua ni vya FIFA kwa waamuzi wa kimataifa, ingawa kati yetu hakuna mwenye beji ya FIFA, kwa sababu vinajulikana wazi na anayevimudu hatatishwa na kipimo cha ngazi ya chini. Mwamuzi wa kati mwanamume hukimbia mita 40 mara sita, kila mara ndani ya sekunde 6.0, akipumzika dakika moja kati ya mbio moja na nyingine. Akichelewa mara moja hupewa mbio ya saba, na akichelewa mara mbili kati ya saba, ameshindwa. Baada ya dakika sita hadi nane huingia sehemu ya pili, yaani kukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo, ambayo ni sawa na mizunguko kumi ya mita 400. Kwa wanawake mita 40 ni sekunde 6.4, na sehemu ya pili ni sekunde 17 za kukimbia na 20 za kutembea. Waamuzi wasaidizi wana kipimo cha kubadili mwelekeo: mita 10 mbele, mita 8 kwa ubavu, mita 8 kwa ubavu wa pili kurudi, kisha mita 10 mbele, ndani ya sekunde 10 kwa wanaume na 11 kwa wanawake. Baada ya hapo hukimbia mita 30 mara tano, kwa sekunde 4.7 wanaume na 5.1 wanawake, na mapumziko yao ni sekunde 30 tu.

Tumenunua tepu ya kupimia ya mita 50 kwa shilingi 18,000, koni 24 kwa shilingi 36,000, spika ndogo ya kuunganisha na simu kwa shilingi 35,000, na mifuko miwili ya chokaa kwa shilingi 18,000. Kiwanja ni cha shule moja ya Uyole, ambacho hakina watu wakati huu wa likizo.

5 Julai: Mchakamchaka na mlima Loleza

Wiki ya kwanza tumeifanya kama waamuzi wengi wa hapa wanavyoifanya, yaani mbio ndefu za alfajiri kando ya barabara kuu, na kupanda Loleza kila tulipopata nafasi. Yote mawili yamehitaji kubadilishwa.

Barabara kuu tumeiacha kabisa. Malori ya Tunduma hayasubiri kupambazuke, na ujenzi wa kuipanua barabara kati ya Nsalaga na Ifisi umeleta vumbi ambalo wawili wetu wamelikohoa siku nzima. Sasa tunakimbia kwenye njia za mashamba, ambako udongo ni laini na goti linapumua.

Loleza ni suala gumu zaidi, kwa sababu kila mtu hapa mjini anaamini kwamba aliyezoea kupanda kilele cha zaidi ya mita 2,600 hawezi kushindwa na uwanja tambarare. Tulipojipima mita 40 mwishoni mwa wiki, wote tulikuwa wazito kuliko siku ya kwanza. Kupanda hakukuwa tatizo kubwa, bali kushuka. Mtu anapokimbia kwenye mteremko, misuli ya mbele ya paja inavutwa huku inajikaza ili kuzuia mwili usiporomoke, na maumivu yake hukomaa siku ya pili, siku ileile tuliyokuwa tumepanga mbio fupi. Mwalimu ameamua kwamba Loleza ni mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, na kwamba kushuka ni kwa kutembea.

Ametukumbusha pia kwamba mwamuzi wa kati wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, na msaidizi karibu nusu yake, lakini kilomita hizo hazifanani na mchakamchaka hata kidogo. Ni kutembea, kurudi kinyumenyume, kujisogeza kwa ubavu, kisha ghafla kukimbia kwa nguvu zote kwa sababu mpira mrefu umepigwa na shambulizi limegeuka. Mbio ndefu zinajenga pumzi ya msingi, na kwa hilo wiki mbili zinatosha kwa mtu ambaye hakuwa amelala msimu mzima. Anayeendelea nazo miezi miwili anajizoeza kukimbia polepole.

12 Julai: Mzunguko mfupi na mlio unaodanganya

Ingizo hili ni refu kwa sababu hapa ndipo anayetaka kutuiga anaweza kupoteza mwezi mzima bila kujua.

Kiwanja chetu kina mzunguko ambao kila mtu anauita "mia nne". Wiki hii dada yetu alimaliza sehemu ya pili ya mtihani bila hata kushika kiuno, na badala ya kumpongeza Mwalimu aliomba tepu. Tulipima mzunguko kipande kwa kipande na kupata mita 368. Maana yake ni kwamba kila tulipodhani tunakimbia mita 75 tulikuwa tunakimbia 69, na kila mita 25 ya kutembea ilikuwa 23. Kwa marudio 40, upungufu huo ni mita 320. Mwamuzi aliyejiandaa kwenye mzunguko kama huu atafika kwenye mtihani akiwa na imani kamili, na ataanza kuchelewa kwenye koni kuanzia marudio ya kumi na kitu bila kuelewa kimemtokea nini.

Viwanja vingi vya shule huku nyanda za juu vina kasoro hiyo, na vina nyingine ya pili, nayo ni mteremko. Chetu kinashuka kuelekea bondeni, na aliyekimbia kwa kushuka alipata muda ambao asingeupata popote pengine. Tumeachana na mzunguko. Tumechora kwa chokaa mstari mmoja ulionyooka wa mita 100, ukikatiza mteremko badala ya kuufuata, na tumeugawa hivi: mita 12.5 za kutembea, mita 75 za kukimbia, mita 12.5 za kutembea. Anayekimbia anavuka koni ya mita 75, anatembea 12.5 mbele, anageuka na kurudi 12.5, na mlio unapolia anakimbia upande aliotokea. Umbali ni uleule wa mtihani, na nafasi inayohitajika inapatikana karibu kila kijiji chenye uwanja wa mpira.

Mlio nao ulitusumbua. Tulianza na programu ya simu inayopiga kengele kwa vipindi, simu ikiwa mfukoni mwa Mwalimu na spika ikiwa kwenye koni. Upepo wa Julai ulibeba sauti, na kila Mwalimu alipotembea mbali, spika ilikatika. Mwenzetu wa bodaboda, ambaye ana mkono mwepesi kwenye simu, alirekodi mlio wote kuwa faili moja na kuuweka kwenye kadi ya kumbukumbu ya shilingi 10,000 inayoingia moja kwa moja kwenye spika, na sasa spika inakaa katikati ya mstari, mita 37.5 kutoka kila koni ya kipande cha kukimbia, simu ikiwa haihusiki tena.

Hata hivyo faili la kwanza lilikuwa na kosa. Lilitengenezwa kwa kunakili kipande kimoja na kukibandika mara 40, na kila kiungo kiliongeza nusu sekunde ambayo sikio haliisikii. Tuligundua kwa hesabu rahisi ambayo tunamshauri kila mtu aifanye kabla ya kumpa mtu yeyote faili lake. Sekunde 15 na 18 ni 33, na 33 mara 40 ni sekunde 1,320, yaani dakika 22 kamili. Letu lilikuwa la dakika 22 na sekunde 20. Kwa wanawake hesabu ni sekunde 37 mara 40, yaani dakika 24 na sekunde 40. Faili lisiloishia hapo halifai.

Baada ya marekebisho yote, kati ya watano waliomaliza kwa urahisi wiki iliyotangulia, wawili tu ndio waliofika mwisho.

19 Julai: Msuli wa paja

Tumepata jeraha. Mwenzetu mmoja, msaidizi, amechanika msuli wa nyuma ya paja kwenye mbio ya nne ya mita 30, alfajiri, kabla jua halijatoka. Hakuanguka. Alisimama tu, akaweka mkono nyuma ya paja, na alipojaribu kunyoosha mguu akasema, "Mwalimu, kimekatika kitu." Kipimo, dawa na bandeji vimegharimu shilingi 45,000, na ameambiwa apumzike kwanza kisha arudi hatua kwa hatua.

Mbeya ya Julai asubuhi ni baridi kali, na pumzi inaonekana kama moshi. Tulikuwa tunapasha misuli kwa dakika kumi kwa mtindo wa zamani: mizunguko miwili ya polepole, kisha kusimama na kuvuta kila msuli kwa muda mrefu. Mtu anayesimama na kujinyoosha kwenye baridi ile anapoa tena, na msuli uliovutwa kwa muda mrefu ukiwa umetulia hupungukiwa kidogo na nguvu ya kulipuka katika dakika zinazofuata. Halafu tulikuwa tunautaka msuli huo utoe kasi ya juu kabisa.

Mabadiliko ni matatu. Mbio zote za kasi zimehamia saa kumi jioni, na asubuhi imebaki ya mbio nyepesi na mazoezi ya nguvu. Kupasha misuli sasa ni dakika 20 hadi 25 bila kusimama: kukimbia mbele na kinyumenyume, ubavu kulia na kushoto, kurusha mguu, hatua ndefu za kuchuchumaa, kisha mbio tatu au nne zinazopanda kasi taratibu, na koti halivuliwi mpaka mwisho.

La tatu ni zoezi la kuimarisha nyuma ya paja ambalo halihitaji kifaa chochote. Unapiga magoti juu ya nguo iliyokunjwa, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, nawe unashusha mwili mbele polepole ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ishindwe, halafu unajipokea kwa mikono. Linajulikana kama Nordic, na limechunguzwa sana kwa wachezaji wa mpira na kuonekana kupunguza majeraha ya msuli huo. Anzeni na marudio machache mara moja kwa wiki, kwa sababu siku ya kwanza linauma kiasi kwamba mtu atadhani ameumia. Ilifaa tulianze tangu wiki ya kwanza, wakati wa mbio nyepesi, kabla ya kasi yoyote.

2 Agosti: Saa ya mkononi

Mbio za mita 40 zinaendelea vizuri, na karibu zilituridhisha mno. Mwalimu alikuwa anapima kwa saa ya mkononi, na waamuzi wa kati wote wawili walikuwa wanapata sekunde 5.8 na 5.9. Kwenye mitihani mikubwa muda huchukuliwa na mageti ya umeme, yaani vifaa vinavyopima vyenyewe mtu anapopita, na mkono wa mwanadamu hauko sawa nayo: unachelewa kubonyeza mwanzo kwa sababu unasubiri kuona mtu ameondoka, lakini mwisho unauona ukija na kubonyeza kwa wakati. Matokeo yake daima ni muda mzuri kuliko ukweli. Kwenye riadha, muda wa mkono wa mita 100 huongezewa sekunde 0.24 unapolinganishwa na wa umeme.

Tumejihakikishia wenyewe kwa kurekodi mbio kwa simu kutoka mbali, fito mbili zikiwa zimesimikwa kwenye mistari, kisha kuhesabu picha moja moja. Tofauti ilikuwa kati ya sekunde 0.2 na 0.3. Basi shabaha yetu kwa saa ya mkononi sasa ni 5.7 kwa mwanamume na 6.1 kwa mwanamke, na mtu asijihesabu amefaulu kwa 5.9. Tunaanzia pia mita 1.5 nyuma ya mstari wa kwanza, kama inavyofanyika kwenye mtihani.

Hili limemgusa zaidi mwenzetu mmoja ambaye muda wake halisi ulikuwa 6.1. Kilichomsaidia hakikuwa kuongeza mbio, bali kuzipunguza. Alikuwa anakimbia mita 40 kila jioni akiwa amechoka. Sasa anafanya mara mbili kwa wiki, mbio chache, akipumzika dakika mbili hadi tatu katikati, na siku hizo anafanya mbio hizo kwanza kabla ya kitu kingine. Kasi hujengwa na mwili uliopumzika. Uvumilivu wa kuirudia kila baada ya dakika moja huongezwa baadaye.

10 Agosti: Kichwa kinachofanya kazi mwili ukiwa umechoka

Mwamuzi aliye fiti asiyejua sheria atafika mapema kwenye tukio na kuamua vibaya akiwa karibu. Tumetumia wiki mbili kwa sehemu hii, na naiona kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi nje ya msimu.

Tumeanza na mabadiliko ya sheria yaliyoanza tarehe 1 Julai. Kubwa ni la golikipa. Zamani alipewa sekunde sita, na akizidisha adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo lake, adhabu ambayo karibu hakuna mwamuzi aliyeitoa. Sasa ana sekunde nane, mwamuzi anaonyesha tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na akizidisha timu pinzani inapata kona upande ulio karibu na aliposimama. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu huko Marekani mwezi Juni, golikipa wa Mamelodi Sundowns, Ronwen Williams, aliadhibiwa hivyo, kwa hiyo hakuna kipa wa Mbeya atakayeamini kwamba sheria hii ni ya kwenye karatasi tu.

Kuisoma ni rahisi. Kuitekeleza ukiwa umetoka kukimbia ni jambo jingine. Tulijaribu hivi: mwamuzi anakimbia mita 40 mbili mfululizo, anasimama, Mwalimu anashika mpira kifuani kama golikipa, na mwamuzi anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole bila kutazama saa, huku mwenzake akipima kwa siri. Karibu wote tulimaliza tano zetu katika sekunde nne au chini yake. Moyo unaodunda kwa kasi unaiburuta hesabu nyuma yake, na kwa golikipa aliyekuwa anajiandaa kupiga mpira, sekunde moja iliyoibiwa ni kona ya dhuluma. Tumerekebisha kwa kukiambatanisha kila kidole na mkunjo kamili wa mkono, unaoshuka hadi usawa wa bega na kupanda tena. Mwendo wa mkono mzima hauharakishwi kirahisi kama kidole peke yake. Tunafanya zoezi hili mwisho wa kila mazoezi, na sasa makosa ni ya nusu sekunde au pungufu.

Kwa wasaidizi kazi kubwa ni kuamua kuotea. Mshambuliaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde, akipishana na beki anayepanda kwa mita 4 kwa sekunde, wanabadilishana nafasi kwa mita 1.2 ndani ya moja ya kumi ya sekunde. Msaidizi anayemtazama mpigaji pasi kisha kurudisha jicho kwenye mstari amekwisha kuchelewa, na atamwona mshambuliaji mbele ya alipokuwa. Dada yetu ndiye aliyesisitiza kwamba mpira usikilizwe: macho yabaki kwenye mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda, golikipa naye akihesabiwa, na sikio lishike kishindo cha mguu kwenye mpira. Tulifanya zoezi hilo kwa wakimbiaji wawili wanaopishana, mpiga pasi akiwa nyuma yao, na simu ikirekodi kutoka pembeni kuwa shahidi.

Shahidi huyo naye alitupotosha mwanzoni. Simu ilikuwa imewekwa juu ya kigogo hatua mbili kando ya mstari, na video ikawa inamhukumu msaidizi kwa makosa ambayo hakuyafanya, kwa sababu anayetazama kwa pembe humwona aliye karibu naye akiwa mbele au nyuma ya alipo. Dada alikataa hukumu, na alikuwa na haki. Tuliendeleza mstari wa chokaa hadi nje ya uwanja na kuisimika simu juu yake hasa. Yeyote atakayetumia video kuwasahihisha wasaidizi wake aanze na hilo, vinginevyo atamvunja moyo mtu anayeona sawasawa.

Kwa maamuzi ya rafu, tunatazama vipande vya mechi kwenye simu mara baada ya kukimbia, pamoja na mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambazo mwezi huu ziko hapa nchini, Kenya na Uganda. Mwanzoni tulikuwa tunabishana, na katika ubishi mwenye sauti kubwa hushinda. Sasa kila mtu anaandika jibu lake ndani ya sekunde tano, rafu au si rafu, kadi gani, mchezo unaanzaje, na karatasi zinafunuliwa pamoja. Fotokopi za fomu hizo na za mabadiliko ya sheria zimegharimu shilingi 6,000.

Neno kuhusu ndondo. Mechi za mchangani zimejaa mwezi huu na zinalipa, na mwamuzi asiye na mshahara wa mpira hawezi kuambiwa aziache. Zinafaa kwa kujenga sauti, ujasiri na namna ya kuzungumza na wachezaji wenye hasira. Hazichukui nafasi ya mazoezi, kwa sababu kiwanja ni kifupi na kasi ni ya kusitasita, na aliyechezesha siku tatu mfululizo anakuja Jumatatu na miguu ya mbao. Tumekubaliana mechi moja kwa wiki, na siku inayofuata ni ya kupumzika.

24 Agosti: Joto la Kyela

Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Watu husema kwamba aliyejiandaa huku ataruka akishuka pwani. Pumzi kweli inakuwa nyepesi, lakini joto na unyevunyevu vinadai malipo yao, na mwamuzi wa huku aliyeitwa pwani hukutana navyo siku ya kazi.

Tukaamua kushuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi. Tulikwenda wanne kwa basi, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 80,000 kwa wote, tukalala kwa ndugu wa mmoja wetu na kuchangia chakula shilingi 60,000. Mwenye jeraha alibaki na Mwalimu.

Siku ya kwanza tulifanya sehemu ya pili ya mtihani saa tisa alasiri, na hakuna aliyemaliza. Miguu ilikuwa na nguvu na pumzi ilikuwepo, lakini mapigo ya moyo hayakushuka kabisa wakati wa kutembea, na mmoja alianza kuumwa kichwa. Tulijipima uzito kabla na baada, na aliyepungua zaidi alikuwa amepoteza karibu kilo moja na nusu, ambayo ni karibu lita moja na nusu ya maji. Kuanzia kesho yake tulianza na asubuhi, tukasogeza muda mbele kidogo kidogo kuelekea mchana, na kila mtu alikuwa na lita moja ya maji yaliyochanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hali ilibadilika wazi.

Mpango huu hata hivyo ulikuwa mfupi kuliko unavyopaswa kuwa. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na kazi zetu hazikuturuhusu kukaa muda huo. Isitoshe, mazoea hayo hupungua ndani ya wiki chache baada ya kurudi kwenye baridi. Tuliporudi tumehamishia mazoezi mawili ya wiki saa saba mchana tukiwa na trakisuti kamili. Mwalimu amekataza mifuko ya plastiki ambayo baadhi ya watu huivaa ili kutoa jasho, kwa sababu inazuia mwili kupoa kabisa na imewahi kuwaangusha watu.

7 Septemba: Jaribio kamili

Jana tumefanya mtihani mzima kama utakavyokuwa, mstari ukiwa umepimwa upya na mlio wa dakika 22. Waamuzi wa kati wote wawili wamepita, mmoja kwa kuhitaji mbio ya saba. Dada amepita sehemu zote, na kwenye kubadili mwelekeo amepata sekunde 10.7 kwa saa ya mkononi, ambayo ukiiongezea tofauti ya mkono inakaribia sana 11. Kasoro yake iko pale anapotoka ubavu kuingia mbio za mwisho: anainuka wima kabla ya kugeuka na kupoteza hatua moja. Msaidizi wa pili amepita mita 30 lakini ameonywa mara moja kwenye sehemu ya mwisho kwa kuchelewa koni. Mwenye jeraha anakimbia kwa asilimia 80 ya kasi yake bila maumivu, na Mwalimu hakumruhusu kujaribu. Ataomba kupangiwa mechi baada ya wenzake.

Gharama yote ni shilingi 308,000: vifaa 107,000, kadi ya kumbukumbu 10,000, fotokopi 6,000, matibabu 45,000 na Kyela 140,000. Kwa watu watano ni shilingi 61,600 kila mmoja, na bila Kyela ingekuwa 33,600. Anayeanza mwakani na fedha kidogo anunue kwanza tepu, kwa sababu koni zinaweza kuwa chupa za maji zilizojazwa mchanga.

Msimu ukianza mazoezi ya kasi yanabaki mara moja kwa wiki, na zoezi la nyuma ya paja mara moja, siku iliyo mbali zaidi na mechi. Mwakani Kyela itakuwa ya mwisho kabisa kabla ya mtihani, na kwa wale wanaoweza kupata ruhusa kazini itakuwa ya wiki nzima. Spika, tepu na faili la mlio viko kwa Mwalimu pale Uyole, na mwamuzi yeyote wa mkoa anaruhusiwa kuviazima au kunakili faili kwenye kadi yake mwenyewe.